Hisa za Mtu Mmoja

Mjukuu wangu aliifanyia kazi kampuni ya ng'ambo miaka mitatu bila kuiona. Alikaa chumba cha nyuma, hapa Nsambya, kompyuta ikiwa juu ya meza niliyokuwa nikisukumia chapati, akiongea alasiri na watu ambao kwao ilikuwa bado asubuhi. Malipo yalikuja kwa simu, nami nilizoea. Siku moja akatoka chumbani na uso wa mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, hujui kama ni zawadi au fimbo.

"Jjajja," akaniita, kama bibi anavyoitwa hapa, "wamenipa hisa."

"Nani?"

"Kampuni. Si hisa zenyewe. Wamenipa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei ya leo, hata bei ikipanda."

"Kwa hiyo wamekupa ruhusa ya kununua kitu ambacho huna pesa ya kukinunua."

"Ndiyo."

"Na umefurahi."

"Sana."

"Kale, haya," nikasema, nikaendelea kuchambua maharage.

Akavuta kigoda akanieleza. Wote wamepewa, walioajiriwa kule kwao na vibarua walioko nchi nyingine, ila vibarua wana karatasi yao tofauti. Mwaka wa kwanza hugusi kitu. Ukiondoka kabla haujaisha, unaondoka mikono mitupu. Ukitimiza mwaka, robo inaiva kwa pamoja, kisha zilizobaki zinaiva kidogo kidogo kila mwezi mpaka miaka minne iishe. Karatasi yenyewe ilimwita mkandarasi.

"Mkandarasi hujenga barabara," nikamwambia. "Wewe umejenga nini? Sijakuona hata na beleshi."

Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema hisa zikipanda tutaacha kupanga, tutapata kiwanja, nami nitakuwa na choo changu ndani ya nyumba, nisitoke na mvua. Nilimwona amekwisha kujenga hiyo nyumba kichwani, amekwisha kuweka hata pazia.

Siku tatu baadaye kampuni iliandika tena. Jina kwenye karatasi za hisa lazima lilingane na kitambulisho cha taifa. Mkataba wake wa kazi ulikuwa na jina moja, kitambulisho kilikuwa na jina jingine kabisa. Alinitafsiria polepole: tafadhali tufahamishe, haya ni majina ya watu wawili au ya mtu mmoja? Una siku thelathini. Zikipita bila jibu, hisa zinarudi kwa kampuni.

Nilikuwa nachambua maharage tena, mikono ikabaki humo. Siku nyingi nilijua kuna mtu atakuja kuuliza. Nilidhani atakuwa padri, au polisi. Sikudhani swali litatoka mbali hivyo, na litaulizwa kwa adabu hivyo.

Walikuwa wawili.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli, ndiyo sababu tulitoka Kenya tukakaa kwenye nyumba za reli za hapa Nsambya. Tulikuwa na watoto wawili. Binti yetu alizaa msichana mmoja. Kijana wetu alienda upande wa Luwero kutafuta riziki, akaoa huko, vita vikamkuta huko, hakurudi. Vita vilipokwisha, mwanamke muuza ndizi aliniletea mtoto wa kijana wetu. Alikuwa na gauni moja, hana kadi ya kliniki, hana cheti cha ubatizo, hana viatu. Alijua jina lake na jina langu, basi.

Wajukuu wale walilingana urefu. Walilala mkeka mmoja, nikawaogesha beseni moja. Baada ya miezi michache surua iliingia kwenye nyumba zetu. Watoto waliokufa wiki ile naweza kuwataja wote, nyumba kwa nyumba, pamoja na mama zao. Wa binti yangu alikuwa wa nne. Yule aliyetoka vitani, ambaye wote tulimtazama tukidhani hatamaliza mwezi, hakupata hata kikohozi.

Shule zilipofunguliwa walitaka kadi. Aliye hai hakuwa nayo. Ya marehemu ilikuwa ndani ya kopo la binti yangu, chini ya kitanda. Yeye mwenyewe alikuwa kazini Mulago, akifua mashuka ya hospitali. Nilifungua kopo, nikatoa kadi, nikamshika mtoto mkono tukaenda. Mwalimu akaandika jina aliloliona kwenye kadi. Haikuchukua hata nusu saa.

Njiani tukirudi nilimfundisha: shuleni utaitwa hivi, nyumbani utaitwa vile. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mwalimu aliniambia kwamba wiki za kwanza, jina lile likisomwa, mtoto hajibu. Anageuka kutazama mlangoni. Mwalimu alidhani masikio yake yana shida, akanishauri nimpeleke hospitali. Mimi nilijua anangoja mwenzake aingie.

Binti yangu hakuambiwa na mtu. Uwanja wa shule ulipakana na kamba zetu za nguo. Siku yake ya mapumziko alikuwa anaanika, na mwalimu alikuwa amewapanga watoto nje akiwaita majina. Likaitwa lile. Sauti ya mtoto ikajibu, "Nipo."

Alisimama na shuka lenye maji kifuani mpaka gauni lote likalowa. Kisha akaingia ndani, akafungua kopo, akalifunga. Tangu siku hiyo alianika nguo zake nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, mahali ambapo hazikauki.

Jina likapanda madarasa. Likafaulu mitihani, likaenda chuo kikuu, likavaa joho. Nilikuwepo lilipoitwa, nikapiga makofi. Kitambulisho cha taifa ndicho kilichofuata njia nyingine, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alimjua kwa jina la nyumbani, akaandika hilo. Mjukuu wangu alijua kwamba alisoma kwa kadi ya mwenzake. Habari ya kopo hakuijua.

Tulikwenda kwa wakili mmoja Mengo, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Alisikiliza nusu tu.

"Hii ni rahisi. Mnaandika hati ya kiapo. Wazee wawili wa ukoo wanaapa kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Inagongwa muhuri siku hiyo hiyo."

"Lakini si ya mtu mmoja," nikasema. "Mwenye hili alikufa kwa surua. Kadi yake nilichukua mimi mwenyewe..."

Aliinua kiganja. "Jjajja, mimi si padri, usiniungamie." Akasogeza kiti. "Ukiyasema hayo kwenye karatasi, shahada ni ya marehemu. Mkataba ni wa marehemu. Hata hizo hisa, aliyepewa ni marehemu. Huyu uliyekuja naye atabaki nani?"

Kwenye ngazi mjukuu wangu alinishika kiwiko. "Tuache, Jjajja. Nitawaandikia kwamba sizitaki."

"Utawaambia sababu gani?"

"Mambo ya nyumbani."

Alisema bila kunitazama. Nilimjua. Angeandika hivyo kweli, halafu angerudi mezani kufanya kazi yao kama kawaida, na nyumba ile ya kichwani angeibomoa kimya kimya, tofali moja moja.

Mzee wa pili wa ukoo hatukuwa naye mwingine ila binti yangu. Nilimkuta kwake Mulago anakunja mashuka. Kazi ya hospitali alikwisha kuiacha, sasa anawafulia watu. Nilimweleza hisa vibaya, kwa sababu sizielewi vizuri.

"Zinaiva?" akauliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Kwa jina la mwanangu."

"Kwa jina lolote tutakaloapa."

Alikunja shuka moja likaisha, akachukua jingine. "Mama, nikiapa kwamba ni mmoja, mimi nilizaa nani?"

Nikanywa chai iliyokuwa mbele yangu.

"Kadi uliichukua bila kuniomba," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa umekuja kuomba jina lote."

"Ndiyo. Sasa nimekuja kuomba."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ataziacha."

"Kwa ajili yangu?"

"Hakusema. Nadhani kwa ajili ya mwenzake."

Aliweka uso wake ndani ya lile shuka kama mtu anayenusa kama limetakata. Nilipoondoka uso ulikuwa bado humo.

Zilipobaki siku mbili tulirudi Mengo, bila kujua kama binti yangu atakuja. Karani alipiga chapa ile hati akaweka r mahali pa l katikati ya jina. Wakili akaichana. "Tukiiacha hivi," akasema, "watakuwa watatu." Karani akacheka, mjukuu wangu akacheka kidogo kwa heshima. Mimi nilikuwa nasikiliza ngazi.

Binti yangu alikuja amevaa gomesi, vazi lake la kanisani. Hakuketi. Akataka asomewe kila neno. Wakili akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mwisho kulikuwa na mstari ambao hatukuutarajia: kwamba katika familia hii hakuna, wala hajapata kuwapo, mtu mwingine mwenye jina lolote kati ya hayo mawili.

"Huo mstari ni wa lazima?" nikauliza.

"Ndio wanaoutaka kule," akasema wakili. "Yaliyobaki ni maelezo."

Mjukuu wangu alisimama. "Shangazi, usitie saini. Nakuomba."

Binti yangu alimtazama kwanza miguuni, akapanda mpaka usoni, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akachukua kalamu akatia saini kabla yangu, kwa mwandiko ulionyooka. Nami nikatia yangu. Wakili alinishikilia karatasi.

Kampuni ilijibu kesho yake. Walishukuru.

Mwaka ulitimia na robo ikaiva. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu, mstari umebadilika rangi. Bado hajazinunua, anasema zingojee. Kiwanja hatujapata. Lakini binti yangu sasa huja kwetu kila Jumapili, jambo ambalo hakulifanya miaka yote ile. Humwita mjukuu wangu kwa jina la shuleni, na sauti yake ni ile aliyoitumia zamani kumwita mwanawe chakula kikiiva. Humletea nguo. Rangi anazochagua si za mtu mzima. Mara ya kwanza mjukuu wangu alisita kuitika. Siku hizi hasiti, na nimemsikia akimwita Mama.

Kuna kaburi dogo ambalo binti yangu alikuwa akilipalilia kila Desemba, kabla ya Krismasi. Hakuwahi kukosa. Mwaka ule robo ilipoiva niliona siku zinakwenda na hasemi kitu, nikamwuliza tutakwenda lini. Alikuwa amemkalisha mjukuu wangu mkekani, anamsuka.

"Twende kwa nani, Mama?" akasema, kichana kikiwa mdomoni. "Tuliapa."

Mjukuu wangu alinitazama, lakini hakuinua kichwa, kwa kuwa nywele zilikuwa zimeshikwa.

Nilikwenda peke yangu na kijembe. Majani yalikuwa mengi na mgongo haukubali tena kuinama. Mlinzi wa makaburi, kijana mpya asiyenijua, alikuja akanisaidia kung'oa. Akaniuliza kama huyu ni wangu.

Nikamwambia hapana, ni wa jirani wa zamani.

"Umefanya vizuri, nyabo," akasema kwa heshima. "Wengi hawawakumbuki hata walio wao."