Tofali Lisilo na Dhahabu

Juzi pale Nkende, Tarime, muuzaji wa matofali alikuwa akisifia mzigo wake uliofyatuliwa kwa marudio, ule udongo unaobaki migodini baada ya dhahabu kuoshwa kwa zebaki.

"Tumeusafisha, mzee. Zebaki imetoka yote."

Mteja, mchimbaji mwenye buti za matope, akachukua tofali moja. Akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba, akaligeuza juani.

"Na dhahabu iliyobaki?"

"Nayo tuliitoa."

Akalirudisha chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Basi nipe ambayo hamjasafisha."

"Mzee, utawalaza watoto kwenye sumu!"

"Nitawalaza kwenye dhahabu."

Wataalamu wa udongo, nawaomba: mkishatoa sumu, tuachieni hata kachembe kamoja kanakong'aa. Bila hako, Tarime hatujengi.