Waliorudishwa Mlangoni

Mjomba wangu alikuwa karani wa kadi za watoto pale kliniki kwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na mwandiko mzuri na mdomo mchafu, lakini kina mama walimpenda. Akiona mtoto mnene alikuwa akiuliza, "Huyu mnamlisha au mnamshindilia?"

Meza yake ilikuwa mlangoni, kabla ya chumba cha sindano, na alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Mtoto akiletwa ana homa, au anahema vibaya, alimrudisha. "Nenda naye nyumbani, mama. Akipata nafuu mje." Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa kwamba mtoto mgonjwa akichanjwa leo akafa kesho, mtaa mzima utasema ameuawa na sindano. Muuguzi alijua, akanyamaza. Kwenye daftari, waliorudishwa waliachiwa nafasi tupu bila kuandikwa sababu.

Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alirudishwa mara mbili na mdogo wangu wa miezi minne, aliyekuwa akibanwa na kifua. Mara ya tatu hakuwa na wa kumpeleka.

Mwaka uliofuata akaja mtafiti, akanakili daftari zote: nani alichanjwa, nani hakuchanjwa, nani alikufa. Kisha tukaitwa kwenye uwanja wa kliniki kusomewa matokeo. Wasiochanjwa, alisema, walikufa mara nne zaidi ya wenzao.

Chanjo ni nzuri, sibishani. Wanangu wote wamechanjwa. Lakini mjomba aliwachuja wagonjwa mlangoni, wazima wakapita, halafu makundi hayo mawili yakalinganishwa kana kwamba yalianza sawa. Mtafiti hakujua hilo. Mjomba alijua, na alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Hawa ni watoto wa wazazi waliokataa chanjo," mtafiti akasema.

Wanawake wakageuka kumtazama mama. Mama akamtazama kaka yake. Mjomba akainama, akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mpaka leo nikikumbuka ile miwani damu inanichemka.

Tangu siku hiyo mama akaitwa "yule aliyekataa". Akaacha kwenda bombani asubuhi na wenzake. Akawa anateka maji saa saba, jua la utosi, akiwa peke yake.

Mjomba alikaa na jambo hilo moyoni karibu mwaka mzima, akakonda. Mwishowe alipitia daftari mstari kwa mstari. Kati ya watoto thelathini na wawili waliokufa bila chanjo, ishirini na mmoja aliwarudisha yeye. Akamwandikia mtafiti. Naye, tumpe haki yake, alishukuru na kuisahihisha ripoti: chanjo bado ilionekana kusaidia, ila ile mara nne ilishuka sana.

Mjomba alikuja kwetu mbio, barua mkononi. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Dada, wamesahihisha!"

"Wamesahihisha wapi?"

"Kwenye ripoti."

"Kaka, kule bombani nani anasoma ripoti?"

Mjomba akaikunja barua.

"Basi kesho asubuhi tufuatane," mama akasema, kwa upole ulioniuma. "Uwaambie kwa mdomo wako. Neno moja tu, kwamba nilikuja."

"Nitakuja, dada. Haki ya Mungu."

Alfajiri mama alivaa khanga yake mpya. Tulikaa kizingitini na ndoo zetu mpaka wanawake wote wakawa wamesharudi na maji. Mjomba hakutokea.