Herufi Zisizo na Irabu

Baba alipopoteza sauti, mimi nilikuwa Moroni, nikisoma shule ya Wafaransa na kulala kwa shangazi yangu, mtaa wa Badjanani. Habari aliileta baharia kutoka kwetu Mutsamudu, kisiwa kingine: baba yako ana uvimbe kooni, daktari amesema hana la kufanya, mama anataka urudi.

Nilimkuta amekonda, shingo imezungushiwa kitambaa. Aliponiona alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Akauvuta ubao wa chuoni, ule niliojifunzia Kurani utotoni, akachovya kalamu, akaandika. Kisha akanigeuzia.

Sikuweza kusoma.

Herufi za Kiarabu nilizijua. Mtoto gani wa kwetu hakuzijua? Lakini nilizijua zikiwa na irabu zake, katika aya ambazo tayari nilikuwa nazo moyoni. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, ameandikiana na watu wa Unguja na Majunga tangu ujana wake. Aliandika lugha yetu kwa kasi, bila irabu hata moja. Niliona mimu, nikaona jimu: m na j tu. Nikamletea maji. Akatikisa kichwa.

"Mji, baba? Moja?"

Akafumba macho.

"Jaribu tena," mama alisema. Yeye hakuwahi kufundishwa kuandika. "Si wewe uliyesoma?"

Rafiki yake baba, mzee wa kijiji jirani cha Mirontsy aliyesomesha dini, ambaye sote tulimwita Fundi, alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri. Alisoma ubao ule bila hata kukunja uso. "Anasema uji una chumvi. Anasema ubavu wa kushoto unamuuma, mgeuzeni." Ndivyo tulivyoishi, mimi, mama na dada yangu: maumivu ya asubuhi tuliyajua alasiri. Katikati tulimuuliza hili na lile, naye akajibu kwa kichwa, lakini tusilolifikiria kuliuliza lilibaki ndani yake.

Siku moja aliujaza ubao mzima, akiniangalia kila baada ya maneno machache. Fundi alipofika, akanyoosha mkono kuupokea. Baba akauziba kwa kiganja, akafuta maandishi yote kabla wino haujakauka.

"Baba, mwache asome!" nilisema.

Akakataa kwa kichwa. Fundi akasimama taratibu, akatafuta viatu vyake.

"Hayo ni ya baba na mwanawe," aliniambia mlangoni. "Nikiyasoma mimi, nitakuwa nimemwibia."

Kesho yake baba alijaribu kuniandikia kama mtu anavyomwandikia mtoto anayeanza. Herufi moja, irabu yake. Herufi nyingine, irabu yake. Mama alimshika kiwiko. Nami nilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama zamani chuoni.

"Mwa... na... ngu. Mwanangu!"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

"U... si... Usi..."

Kalamu ikamponyoka. Tulimlaza apumzike. Nilimtajia kila nililoweza kulifikiria: usilie? usiuze duka? Lakini kichwa chake kilikuwa kimelala upande, hakikuitikia wala kukataa. Mkono ule haukushika kalamu tena, na kabla ya Ijumaa tukamzika.

Nilipata kazi ya ukarani Moroni, katika ofisi ya serikali, kuandika kwa Kifaransa barua za watu nisiowajua. Kila nilipokwenda Mutsamudu, mama alinikalisha, akaniuliza kana kwamba nimeficha jibu: "Usi nini?"

"Sijui, mama."

"Wewe uliyesoma."

Mwishoni akawa analimalizia mwenyewe. Ziara moja alisema, "Usimsahau dada yako." Ziara nyingine, "Usiache sala." Mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai, nilikuwa nimeshabeba mkoba, meli inangoja. Alinishika mkono wa shati.

"Nimekumbuka," alisema. "Alitaka kuandika: usirudi Moroni."

Nikamwambia huenda ndivyo. Nikaondoka.