Ski Zisizo na Kiuno

Jirani yetu wa Toongabbie, bibi wa Kiaustralia aliyekuwa akihamia kwa mwanawe, alinipa ski zake pamoja na viatu vyake. Ski ni zile mbao mbili ndefu ambazo watu hujifunga miguuni ili kuteleza kwenye theluji. Viatu vilinienea kabisa, nikaona ni bahati. Mbao zenyewe zilinipita kimo kwa shibiri nzima, nyekundu, zimenyooka kama rula. Alikuwa amezitunza mno, hata mkwaruzo hazikuwa nao.

Kwa hiyo basi la kanisa lilipoondoka Campbelltown alfajiri kuelekea milimani kusini, mimi peke yangu nilikuwa na vifaa vyangu. Wengine wote, pamoja na binti yangu wa miaka kumi na tano, walikodi kule kule. Rafiki yangu Mkongomani, ambaye tunashona naye mapazia kiwandani Smithfield, alinitania kwamba nimekuja kama bingwa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole. Alitufundisha kusimama, kuanguka na kuinuka, kisha kukata kona: unailaza ski kidogo upande, unaegemea ukingo wake, nayo inakuzungusha. Binti yangu alijaribu mara mbili, ya tatu akazunguka. Rafiki yangu, anayeogopa hata ngazi za umeme za stesheni, naye akazunguka. Mimi nililaza, nikaegemea, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye wavu wa plastiki.

“Kunja magoti,” mwalimu akaniambia. “Usiogope.”

Sikuwa naogopa. Niliyoyaogopa maishani nayajua, na kile kilima cha wanaoanza hakikuwemo. Nilikunja magoti mpaka mapaja yakawaka moto. Nikarudi wavuni. Mara ya tano, ya sita, yeye ni magoti na woga tu, woga na magoti. Wakati wa chakula rafiki yangu alinionea huruma. “Dada, unashindana na ile kitu bure,” alisema. “Umri umefika.” Yeye na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Binti yangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema tatizo langu ni kwamba sipendi kufundishwa. Nilimwambia nimesikiliza tangu asubuhi kuliko mtu yeyote pale. Aliinua mabega, akaendelea kula chipsi zake.

Mchana nikamgonga mama mmoja, tukaanguka wote wawili. Hakuumia, lakini mwalimu aliniomba kwa adabu nikae pembeni. Nilizibeba zile mbao begani huku machozi ya hasira yakinitoka.

Nilidhani labda kingo zake zimekuwa butu, nikazipeleka kwenye karakana iliyokuwa chini ya kilima. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye aproni iliyoganda nta ya kupaka ski. Aliuliza nimezipata wapi, nikamweleza. Hakucheka. Alichukua ski mpya iliyonifikia kidevuni, akailaza juu ya moja ya zangu.

“Tazama katikati,” alisema.

Ile mpya ilikuwa pana mbele, pana nyuma, na katikati imeingia ndani kama kiuno. Yangu ilikuwa karibu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi akanieleza kwa mikono. Ukiilaza ile mpya ubavuni, ncha na mkia hugusa theluji kwanza, kiuno kinabaki hewani. Uzito wako unakisukuma chini, ski yote inajipinda, na huo mpindo ndio kona yenyewe. Yangu haikuwa na nafasi ya kujipinda vile, tena ilikuwa ndefu. Watu wa zamani walizigeuza kwa nguvu za miguu, na iliwachukua miaka.

Nilimuuliza kwa nini basi wasiingize kiuno zaidi na zaidi. Akasema kiuno kikizidi, kona inakuwa fupi mno, na ukienda kasi ski inakuvuta upande hata usipotaka. Na zile za theluji laini, ya kina, huachwa pana katikati zisizame.

Nimeshona tangu kambini Kigoma, kabla hatujaletwa huku. Najua gauni lililokatwa kiunoni na lililokatwa wima hayawezi kukaa sawa mwilini. Kilichoniudhi ni kwamba nilizibeba mbao zile kutwa nzima bila kuzitazama hata mara moja.

Nilikodi zile fupi, nikapanda tena zikiwa zimebaki dakika chache kilima kifungwe. Mara ya kwanza nilianguka kwa sababu ziligeuka mapema kuliko nilivyotarajia. Mara ya pili nilizunguka kulia, nikazunguka kushoto, nikasimama mahali nilipotaka.

Mwalimu alikuwa akitazama. “Unaona?” alisema. “Umeacha woga.”

Nikataka kumweleza, lakini nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Nilirudia tu kwamba ni ski, ni ski, nikizinyooshea kidole. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia mwingine.

Ndani ya basi nilimsimulia binti yangu yote. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini sikuuliza habari za ski tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa ameshaona kosa liko kwangu, na kufikia saa sita mchana na mimi nilikuwa nimeanza kuwaamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko maanguko yote.

Jumapili rafiki yangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi dada mmoja alivyoshikwa na woga mlimani, wakamwombea, na jioni akashuka kama tai. Watu walipiga makofi, wakanigeukia. Nikasimama ili niseme ukweli kuhusu kiuno cha ski. Niliziona nyuso zao zilivyojaa furaha. Nikasema amina, nikaketi.