Nilimlazimisha mkamwana amshike mkono baba mkwe wake

Swali linaloninyima usingizi ni hili: nilisahau, au nilijifanya nimesahau?

Kwa wiki nzima nilijiambia nilisahau. Mimi ni msichana wa mjini, nimekulia Bariadi, nimesoma chuo mbali na nyumbani, mila nazisikia kwa mbali. Nilijipa sababu zote hizo, na kila moja ni uongo. Nilijua. Naanza kwa kukiri hilo ili usije ukanionea huruma njiani.

Nilikuwa mwezeshaji wa mafunzo ya wazazi wenye watoto wasumbufu. Nasema wasumbufu kwa kuwa wazazi ndivyo walivyowaita: wanaouma wenzao, wanaovunja vyombo, wanaokimbilia porini wakikatazwa kitu. Tulikutana Ngulyati kwenye darasa la kuazima. Tuliwafundisha mambo madogo: cheza na mtoto kila siku na yeye ndiye achague mchezo. Akifanya jema, litaje jema lenyewe. Ukitaka kumwagiza, usipige kelele kutoka jikoni, msogelee, chuchumaa, mtazame machoni, mwambie jambo moja tu.

Mambo hayo yanafanya kazi. Hilo sijaliacha kuliamini, na ndilo linaloniumiza zaidi.

Kulikuwa na mama mmoja, nimwite Mama Limi. Binti yake Limi alikuwa anauma. Alimuuma mdogo wake shavuni mpaka akaacha alama. Siku za palizi, familia ikienda kwenye pamba, Limi alifungwa kamba ya mguu kwenye nguzo ya baraza, asije akamdhuru mtu au akapotea. Mumewe Mama Limi anafanya biashara ya dagaa Lamadi, anarudi mara chache. Kwa hiyo aliyekuja naye kwenye mafunzo alikuwa baba mkwe wake, Mzee Masanja. Majina haya si yao.

Mzee kuja ilikuwa ajabu. Wanaume wenyewe walikuwa wa kuhesabu, sembuse mtu wa mvi na ng'ombe zake. Alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, ubavu umeelekea nje. Mama Limi alikaa ukuta wa mbali, khanga kichwani. Kati yao palikuwa na darasa zima, na hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Mkamwana na baba mkwe hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawakodoleani macho, hawali chungu kimoja. Mama yangu mwenyewe, babu mzaa baba akija kwetu Bariadi, alikuwa anamsalimia akiwa amepiga magoti nyuma ya pazia.

Umeona? Sikusahau.

Na walikuwa wanafanikiwa, kila mmoja kwa upande wake. Mama Limi alicheza na mtoto asubuhi, mzee alimchukua jioni kwenda kuangalia ndama. Siku moja mzee aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kujisifu, "Mwalimu, ile kamba nimeipeleka zizini. Inamfaa ndama."

Nilitaka kulia kwa furaha. Badala yake nikamwandikia msimamizi wangu habari hiyo, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha.

Msimamizi akajibu kuwa wageni wa makao makuu wanakuja na mpiga picha. Walitaka familia ya mfano, baba na mama pamoja, wafanye igizo: mmoja awe mzazi, mwingine awe mtoto.

"Baba yuko Lamadi," nilimwambia. "Aliyepo ni babu."

"Si ndiyo vizuri zaidi? Babu na mama. Familia ni familia."

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa kufikiri mno. Nikituma ujumbe naurudia kuusoma mpaka maneno yanapoteza maana. Nikinunua viatu nawaza nimemkosea muuzaji niliyemwacha. Lakini siku ile, kwa jambo la pekee lililostahili kufikiriwa, nilijibu papo hapo: "Sawa bosi."

Siku yenyewe nikamwita Mama Limi mbele. Alitikisa kichwa.

"Dada, mimi na baba mkwe? Niweke na Mama Kija hapa."

Mama Kija, mzazi mwenzake, akacheka akijaribu kuokoa jahazi. "Niweke mimi, nitalia vizuri kuliko watoto wote wa Ngulyati." Watu wakacheka. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwangu, ningepita tu.

Mzee Masanja naye akasema bila kugeuza uso, "Mwalimu, mpe mtu mwingine."

Mpiga picha alikuwa anatazama saa. Msimamizi alinikunjia uso. Nami nikasema sentensi ambayo nikiikumbuka natamani kuutapika ulimi wangu: "Mama, kwani mnataka Limi apone au mnataka mila?"

Kicheko kikafa. Mama Kija akainamisha kichwa.

Mama Limi akasimama. Atafanyaje, nimeshamweka mtoto wake kwenye mizani mbele za watu? Nikamwambia apige magoti, yeye ndiye mtoto. Mzee akasimama mbele yake, mikono kaificha nyuma. Nikauchukua mkono wake mmoja, kwa mkono wangu huu, nikauweka kwenye mkono wa mkamwana wake.

"Mzee, mtazame machoni," mpiga picha akasema.

Hakumtazama. Basi nikayarudia maneno yale kwa Kisukuma, ili asipate pa kujificha.

Alimtazama. Akasema, "Nimefurahi umekaa vizuri." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesomewa hukumu. Waliopiga makofi ni wageni peke yao.

Mchana tulikula pilau ya kupongezana. Niliongeza nyama.

Picha ile ikaingia kwenye kundi la simu la mradi, ikatoka huko ikaenda ilikokwenda. Ikachapishwa kwenye bango kubwa. Mkataba wangu mpya ukawa mezani, unasubiri saini, na msimamizi akaniambia nina kipaji.

Mzee hakuonekana tena darasani, wala mkamwana. Nilijiambia ni msimu wa kuvuna. Nilipomwuliza Mama Kija, hakunificha. "Mwalimu, usiulize kama hujui. Gulioni wafugaji wanamwuliza mzee, siku hizi unalea mkamwana? Wengine wanamwonyesha simu. Ameacha kwenda kuuza ng'ombe, anatuma watu."

"Na Mama Limi?"

"Karudishwa kwao Malampaka. Wanasema akapumzike. Mtu anapumzika na nguo zake zote?"

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Masanja. Nilimkuta Limi barazani, kamba mguuni, anachora chini kwa kijiti. Mdogo wake alikuwa na jeraha jipya mkononi. Bibi yake, mke wa mzee, alikuwa anapepeta mahindi, hakusimama.

"Mwangaluka mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Mlitufundisha tusimfunge. Sawa. Aliyekuwa anamfungua yuko Malampaka. Mimi nina miguu mibovu, siwezi kumkimbiza."

Nilitaka kumwambia habari ya kumsogelea mtoto na kuchuchumaa. Yule bibi hawezi hata kuchuchumaa.

Nikarudi mjini, nikamwomba msimamizi aitoe ile picha. Akacheka. "Imeshachapishwa, mdogo wangu. Na walikubali, hawakulazimishwa na mtu." Ukutani nyuma yake nilikuwepo kwenye bango, pembeni ya mzee, natabasamu meno yote nje. Sijawahi kuuchukia uso wowote kama nilivyouchukia ule.

Nilimweleza shangazi yangu, kwa kuwa kwetu kijana haendi kumwomba radhi mzee peke yake kama anayekwenda dukani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja, "Mkono wake uliuchukua wewe?" Nikasema ndiyo. Akatema mate pembeni, akaenda kuvaa.

Kwa Mzee Masanja shangazi alisema mimi ni mtoto wao, nimeharibu, na kama wanataka mbuzi tutaleta.

"Mbuzi nitamla leo, kesho wataniuliza tena," mzee akasema. "Walioniona waliniona mbele za watu. Huyu naye akasemee huko huko gulioni."

Njiani shangazi aliniambia si lazima, ni msichana, gulio la ng'ombe lina midomo. Nilikubaliana naye. Halafu nikaanza tena kupima: nikisema nitapoteza kazi, nisiposema hakuna atakayejua, nikisema pengine haitasaidia. Nilipima mpaka nikaelewa kuwa kupima ndiyo njia yangu ya kukimbia.

Wewe uliyemaliza chuo, unayetumwa kwa wazazi na kitabu cha mafunzo mkononi, nakusihi. Mama akikuambia hapana, hiyo ni hapana. Usimtumie mtoto wake kumvunja. Kuna njia nyingi za kumfundisha mzazi, na hakuna hata moja inayopita juu ya aibu yake. Na kama wewe ni mtu wa kule unakofundisha, kosa lako ni mara mbili, kwa sababu mgeni anakanyaga asipopaona, wewe unakanyaga unapaona.

Jumatatu nilirudisha kizibao cha mradi na funguo za pikipiki. Mkataba niliuacha pale pale mezani bila saini. Msimamizi aliniita mpumbavu, nikaona kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Siku ya gulio nikaenda walipo wafugaji na wachuuzi wa ng'ombe, shangazi akiwa nyuma yangu. Nikasalimia, nikasema jina langu na la baba yangu. Nikasema, "Ile picha mnayoitembeza kwenye simu, mzee alikataa na mkamwana wake alikataa. Mimi niliwalazimisha kwa ajili ya kazi yangu. Anayetaka kucheka, anicheke mimi."

Mmoja akacheka kweli. "Binti wa chuo," akasema, "na wewe utaolewa wapi?" Wengine wakamnyamazisha. Mwanamume mmoja akatoa simu, akabonyeza kitu, akairudisha mfukoni. Sijui alifuta au alifanya nini.

Mama Limi bado yuko Malampaka. Mume wake amesema atamfuata, hajasema lini. Mimi siwezi kumrudisha, na sitajidanganya kuwa kusema kwangu kumelipa chochote. Lakini kuanzia siku ile, kila asubuhi nakwenda kwa bibi wa Limi, naye hanifukuzi. Nakaa chini na yule mtoto, anachagua mchezo, na muda wote nikiwepo anakaa bila kamba.