Kitako cha Kiondo

Mwalimu wetu wa misheni, kule Kathonzweni, alimwomba mama asuke kiondo kisicho na kitako, tukifunge juu ya mti tujifunze mpira wa kikapu. Mama akasuka, na kitako akakiweka. Alisema Mkamba hasuki kiondo cha kumwaga nafaka. Basi kila nilipotia mpira, ilinibidi niparamie ule mgunga wenye miiba kuutoa. Jamani, nilivyomkasirikia! Hiyo hasira ndiyo iliyonifundisha kuruka, niuchomoe mpira bila kuigusa miiba.

Baadaye kampuni moja ya Nairobi ikaniajiri ukarani ili niichezee timu yake. Asubuhi ya safari nilimkuta mama pale shuleni, amepanda stuli ya mwalimu, anakikata kile kitako kwa kisu.

"Haya mwanangu, nenda," akasema, bila kunitazama.