Santa na Kaa wa Sebit

Kwa miaka mingi Santa alikuwa askari magereza mjini Jinja, na kazi yake kubwa ilikuwa langoni siku za wageni. Wake na mama za wafungwa walipanga foleni na vikapu vyao, naye akapekua kila kilicholetwa. Siku moja alikuta wembe umechomekwa ndani ya kipande cha muhogo. Tangu hapo hakuuamini tena muhogo, wala mikono iliyoupika, wala salamu za anayeuleta. Mumewe Ojok, ambaye naye alikuwa askari, alikuwa akisema mkewe anaweza kupekua hata maziwa ya mtoto.

Ojok alifariki, kisha serikali ikapunguza wafanyakazi na Santa akavuliwa sare. Kwao Kitgum kulikuwa na vita, kurudi hakukuwezekana. Akabaki Jinja akitafuta kazi, na kazi akaipata mtaa wa Nalufenya, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja Msoga aliyeitwa Patience Nakisige.

Patience alikuwa ameikimbia nchi wakati wa vurugu akaishi Mombasa miaka yote ile. Aliporudi miaka ya tisini alirudi na hamu ya bahari. Sebuleni alijenga tangi la kioo lenye upana wa kitanda, akalijaza maji aliyoyakoroga kwa chumvi maalumu, akapanga ndani mawe ya matumbawe yaliyosafirishwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Watu wa Jinja, ambao ziwa na Nile viko mlangoni pao, walishangaa mtu kuagiza samaki wadogo na konokono namna ile wasioliwa. Hata hivyo walikuja kuwatazama. Wanajeshi wa kambi ya Kimaka walikuja na soda zao, wakakaa mbele ya kioo kimya kama walio kanisani.

Santa aliajiriwa kulinda geti, lakini Patience aliona upesi kwamba huyu mama anaweza kukitazama kitu kimoja kutwa nzima bila kusinzia. Akamkabidhi tangi.

Baada ya muda mawe yakaota mwani, mwembamba kama nywele, ukafunika kila kitu. Patience akasema dawa yake ni kaa wa magamba, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa na kula mwani mchana na usiku. Huko Mbale kulikuwa na mfanyabiashara anayeleta bidhaa za pwani kupitia mpaka wa Malaba, na alikuwa amepata kaa hao. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, kwa hiyo Santa ndiye aliyetumwa kuwachagua.

Patience alimfundisha vizuri. Achukue wadogo tu, wasiozidi ukucha wa kidole gumba, wenye miguu ya buluu au myekundu iliyo laini, isiyo na manyoya. Ahesabu miguu. Akimgusa kaa na akachelewa kujificha, huyo ni mgonjwa, amwache. Aombe pia magamba matupu, makubwa kidogo kuliko wanayoishi, kwa sababu kaa akikua bila nyumba mpya huanza kuua ili apate nyumba ya mwenzake.

Santa alifika Mbale asubuhi, mlima Wanale bado umejifunika wingu. Duka lilikuwa karibu na msikiti, limejaa tende, mikeka na halua, na nyuma yake kulikuwa na mabeseni ya maji ya bahari. Mwenye duka, mzee wa Kinubi aliyevaa kofia ya kufuma, aliinua uso, akamtazama, akasema taratibu:

“Karibu, Afande.”

Hakuna mtu Mbale aliyepaswa kujua kwamba Santa aliwahi kuwa afande. Alivaa gomesi kama mama yeyote, si sare. Akauangalia ule uso tena, akaitoa ile kofia kichwani mwake kwa mawazo, akamnyoa nywele, na ndipo akamjua. Sebit. Alikuwa mahabusu katika gereza la Jinja, mmoja wa wengi waliofungwa baada ya utawala wa wanajeshi kuanguka, kisha akaachiliwa bila kesi.

Santa hakusema kwamba amemjua. Aliinama kwenye mabeseni akaanza kazi, huku moyo wake ukiuliza huyu mtu anataka nini. Aliwanyanyua kaa mmoja mmoja, akawageuza, akahesabu miguu yao, akawagusa na kungoja, kama alivyokuwa akiwakagua wafungwa wapya. Sebit alikuwa akimsogezea wazuri. Kila aliyesogezewa Santa alimrudisha, akachukua wa upande mwingine.

Katika beseni la mwisho alimwona mmoja aliyejitenga. Gamba lake lilikuwa jeupe lenye michirizi ya kahawia, zuri kuliko yote, na miguu yake myekundu ilikuwa na manyoya. Gando lake la kushoto lilikuwa nene. Alikuwa mkubwa kupita ukucha, lakini alikuwa mchangamfu sana.

“Huyo hapana, Afande,” Sebit alisema. “Huyo mwuaji. Atakumalizia konokono wote.”

Santa alisimama na kaa mkononi. Maneno ya Patience aliyakumbuka, na gando aliliona. Lakini kwa nini mtu huyu amkataze? Huenda huyu ndiye bora, amemwekea mteja mwingine, na anataka yeye aondoke na makapi. Langoni alijifunza jambo moja: wanachokuficha ndicho cha kukitafuta.

“Nitachukua huyu pia,” alisema.

Sebit alimtazama kidogo, kisha akamfungia wote katika boksi lenye vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya bahari. Hakubishana.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kaa wadogo walitambaa juu ya mawe wakichuma mwani, na wageni walifurahi. Kisha konokono wa tangi wakaanza kupungua. Magamba yalibaki matupu mchangani. Halafu kaa mdogo mmoja akaonekana amekatwa katikati.

Santa alimshuku Jude kwanza, mpishi, ambaye alizoea kupita karibu na tangi na mikono yenye mafuta. Akamhoji jikoni kama yuko kituoni, hadi Jude akavua aproni na kutishia kuacha kazi. Kisha akawashuku wanajeshi na soda zao. Mwisho akamrudia Sebit. Huyu alikuwa ametia kitu katika vile vitambaa, sumu ya polepole, ili kulipiza kisasi. Alimwambia Patience hivyo. Patience akauliza kisasi cha nini, na Santa akageukia tangi.

Alichoweza kufanya ni kutazama. Akahamishia kiti chake mbele ya kioo, akala hapo na kushona hapo. Asubuhi moja, wageni wakiwa hawajaamka, alimwona yule mwenye gamba jeupe amemkumbatia konokono wa mwisho. Gando nene liliingia mlangoni mwa gamba, likavuta nyama kidogo kidogo, bila haraka. Alipomaliza alilipima gamba kwa miguu yake, akaliona dogo, akaliacha.

Santa alikaa pale mpaka chai ya wageni ilipopita. Kisha akamtoa yule kaa, akamtia katika kopo la maji ya tangi, akapanda gari kwenda Mbale.

Sebit alilipokea kopo, akachungulia, wala hakuonekana kushangaa.

“Ulijua kama ungenikataza ningemchukua,” Santa alisema.

“Nilikwambia kweli.”

“Ulijua.”

Mzee alimmimina kaa katika beseni la peke yake, akaweka kifuniko na jiwe juu. Ndipo akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mke wake alikuwa akitoka Buwenge kwa miguu na chapati, na kwamba afande wa langoni alizivunja zote, moja baada ya nyingine, hadi zikawa unga. Sebit alizila hivyo hivyo, zikiwa na mchanga wa meza ya langoni.

“Kulikuwa na wembe siku fulani,” Santa alisema.

“Kwa mke wangu hakukuwa.”

Santa aliukumbuka uso wa yule mwanamke, kitambaa chake cha kijani, na jinsi alivyosimama akitazama mikono ikivunja. Aliuliza kama bado yuko. Sebit alisema yuko, ni mzima, ana wajukuu. Akaleta chai. Santa alingoja mpaka mwenyeji wake akanywa ndipo naye akanywa, na Sebit aliliona hilo.

Santa hakujua siku ile, wala hakujua baadaye, kama alikatazwa kwa wema au kwa hesabu ya kumtega. Patience alipotaka kaa wengine alimtuma yeye tena, naye alikwenda kwa Sebit. Mzee alionyesha kwa kidole, Santa akanyanyua, akahesabu miguu, akalitazama gando, na mara nyingi akachukua aliyeonyeshwa. Mawe ya Nalufenya yalisafika. Konokono wapya waliletwa, wakazaana. Jude alianza tena kumsalimia baada ya majuma kadhaa, ingawa hakuingia tena sebuleni Santa akiwa kwenye kiti chake.